Upande wa Wanaume wa Lile Jiwe

Binti yetu wa kwanza ndiye aliyeanza maneno. Alinionyesha kwenye simu yake mume na mke wa nchi za mbali, wazee kama sisi, wamesimama jangwani juu ya majabali mekundu. Wamevaa nguo nyeupe kama maiti waliokataa kulala, na wameshikana mikono.

"Mama, hii ndiyo inaitwa anivesari. Mwaka huu mnafikisha miaka arobaini ya ndoa. Tunataka tuwapeleke mahali kama hapa."

"Jangwani nikafuate nini? Nikashikwe mkono kwenye jua? Huyu baba yako hata kivulini hanishiki."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ni mbishi, na ubishi huo kautoa kwangu, kwa hiyo sikushangaa. Wakachangishana yeye na wadogo zake, wakatafuta mawe ya karibu. Ukienda kusini na Ziwa Tanganyika, ukaipita Ilagala, kuna mahali majabali yameporomoka toka mlimani yakaingia majini. Mengine makubwa kuliko nyumba yangu, yamepandana kama vyungu bandani kwa mfinyanzi. Katikati yake mtu kaweka mahema ya wageni, yenye vitanda na vioo. Tukalipiwa tukale raha huko, mimi na mzee wangu, bila mtoto wala mjukuu.

Mume wangu amekubali niandike haya mradi nisimtaje jina. Simtaji. Ni fundi cherehani pale Mwanga, na hilo halimfichui, maana Mwanga mafundi cherehani ni wengi kama dagaa.

Sasa nieleze kilichokuwa kinamkaba koo safari ile. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nilijua kuogelea kabla sijajua kufunga kanga. Yeye ni Muha wa Kasulu, huko juu kwenye migomba na baridi. Alipokuja kuniposa, marehemu baba yangu, aliyekuwa mvuvi, hakumuuliza habari za ng'ombe. Alimuuliza, "Kijana, unajua kuogelea? Sitaki binti yangu awe mjane kwa ajili ya mawimbi."

Akajibu palepale, "Najua, mzee. Nimekulia mtoni Malagarasi. Nimeogelea na mamba."

Baba akafurahi. Nikaolewa.

Na wale mamba wakakua. Kila mtoto aliyezaliwa kwangu aliwakuta wameongezeka urefu. Wajukuu ndio walipata mamba wenyewe hasa: mmoja chongo, mwingine babu alimpanda mgongoni. Mjukuu wetu wa kike anasoma Dodoma, ambako maji wanayajulia kwenye ndoo. Aliliambia darasa zima kwamba babu yake anaogelea kuliko samaki. Wakamwita mwongo. Aliposikia tunakwenda ziwani, akampigia babu yake simu. "Babu, siku hiyo nikitoka shule saa kumi nitapiga ya video. Nikuone unaogelea. Nitairekodi, niwaonyeshe wote wanyamaze."

"Utaniona," babu akasema. Siku ile alishona mfuko wa suruali ya mteja ukafunguka kwa ndani.

Mtaniuliza, miaka yote hiyo, mke asijue? Nijue vipi? Kwetu ziwani kuna upande wa wanawake na upande wa wanaume. Sisi tunaoga na kufua kwetu, wao wanaoga kwao, na jicho halivuki. Mume akirudi na taulo begani na nywele zimelowa, ameoga. Kama ameogelea au hakuogelea, nani akapime? Kaka zangu nao walikuwa wavuvi wa usiku. Mchana wakati wenzao wanaoga, wao wanakoroma. Halafu tukahamia Mwanga, tukawa watu wa ndoo na bafu.

Siku ya safari, kwenye boti yeye alikuwa wa kwanza kuvaa jaketi la kuokolea maisha, lile la rangi ya chungwa. Alifunga kamba zote, nyingine akazipiga mafundo mawili. Tukafika, tukashuka, tukapewa juisi, bado kalivaa. Mama wa mapokezi, mwenyeji wa Ilagala, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, akamwambia, "Shikamoo mzee. Hilo jaketi unaweza kutuachia hapa."

"Marahaba. Liache tu, linanipa joto."

Jua lilikuwa linachoma mpaka mijusi inainua miguu mchangani.

Hemani tulikuta kitanda kimemwagiwa maua kama kaburi la jana. Mzee akayakusanya yote akayatia kwenye kikapu cha taka. Akasema yatatoa rangi kwenye shuka. Fundi huyo. Nikalala naye kwa raha zangu, sina zaidi la kusema hapo, wajukuu wanasoma.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Asubuhi akachukua sabuni, taulo na kikombe, akasimama mbele ya jabali kubwa lililokatiza ufukwe, akalitazama huku na huku. "Mimi naenda upande wa wanaume," akasema, akazunguka nyuma ya jiwe.

Hakukuwa na upande wa wanaume. Wageni tulikuwa sisi peke yetu. Lakini na mimi, tazama mazoea yalivyo, nilifunga kanga kifuani nikaenda kuoga upande wangu, wa wanawake, kama vile pale kuna mtu ameandika. Mama wa mapokezi aliponiona akaangua kicheko. "Bibi, watoto wamewalipia mkae pamoja, nyie mmeweka jiwe katikati!"

"Tuache, mwanangu. Ndivyo tulivyofika arobaini."

Maji yalikuwa meupe, unaona vidole vyako na visamaki vyenye mistari vinavyovigonga. Nikapiga mbizi, nikazunguka, nikarudi kuegemea jiwe. Ndipo nikaona ufa. Jabali limepasuka toka juu hadi chini, upana wa kiganja. Nikachungulia. Ndiyo, nilichungulia. Mume ni wangu, na jiwe si la mtu.

Nikamwona mtu aliyempanda mamba mgongoni. Amechuchumaa, maji yamemfika kwenye muundi. Mkono mmoja umeng'ang'ania jiwe kama mtoto kwenye titi. Mkono mwingine una kikombe, anachota ziwa, anajimwagia, anachota, anajimwagia. Anaoga Ziwa Tanganyika kama anaoga ndoo! Alipomaliza, akaweka kikombe, akayapiga maji kwa kiganja, pwaa, pwaa, pwaa, akapaza sauti.

"Aaah! Mama watoto! Leo nimefika mbali!"

Niliuma kanga yangu nisicheke. "Umefika wapi, baba?"

"Nimelizunguka lile jiwe la mbali, nimerudi!"

"Hongera, simba wa maji! Umechoka?"

"Hata kidogo!" Pwaa, pwaa.

Mwanamke mwema angemhurumia palepale. Mimi nilioga nikamaliza, nikajipaka mafuta, nikaenda kunywa chai nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata sikukuu yoyote.

Chakula cha mchana kikaja, kuhe wa kuchoma kwenye sahani pana kama sinia, samaki mwenyewe kipande cha kumpa paka. Nikamsogezea na changu. "Kula, mzee. Una safari ya maji saa kumi."

"Nimesikia hapa kwenye mawe kuna nyoka wa majini."

"Aliyepanda mamba anaogopa nyoka?"

"Siogopi. Namwonea huruma." Akatafuna kidogo. "Na maji ya jioni yana baridi."

"Wewe si mtu wa Kasulu? Baridi ni shangazi yako."

"Unajua mtu akishiba hafai kuogelea."

"Kipande hiki hata kuku hashibi. Mtoto anasubiri, na darasa zima linasubiri. Ukimwangusha huyo, atakwenda shule na uso gani?"

Hapo akaweka samaki chini. Nilimwona macho yake, na kidogo moyo ulinisuta. Kidogo tu. Nikaenda kulala usingizi wa mchana.

Nilipoamka kitanda kilikuwa kitupu. Jaketi halikuwepo kwenye msumari. Nikatoka nikazunguka nyuma ya jiwe, upande wa wanaume, mara ya kwanza maishani.

Alikuwa ndani ya mkondo mwembamba kati ya majabali mawili, amelala chali na jaketi lake, miguu juu, kama mende aliyepinduliwa. Kwa kuzama hakuwa anazama, lile jaketi lilikuwa limemshika vizuri. Lakini kila akipiga mkono anazunguka palepale, na kila wimbi likirudi linamsogeza hatua moja kwenda Kongo. Midomo ameikaza. Hakuita mtu. Hakupiga hata yowe dogo.

"Mzee! Unafanya nini huko?"

"Naangalia mbingu."

"Imekaaje?"

"Iko sawa." Wimbi likamwingia mdomoni. Akakohoa. "Mama watoto."

"Naam."

"Njoo."

Niliingia na dera langu lote. Nikalikamata jaketi mgongoni nikamburuta kama mbuzi wa sadaka hadi kwenye jiwe la chini. Akakaa anatiririka maji. Mimi nikaanza kukamua dera langu.

"Nilitaka nijifunze kabla ya saa kumi," akasema.

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, akaniacha nicheke. Kisha akasema, anatazama miguu yake, "Baba yako aliuliza swali moja tu. Angeniuliza kama naruka, ningemwambia naruka. Ningefanyaje? Ulikuwa umesimama pale mlangoni na ungo."

Kweli, ungo niliushika. Nilidhani hakuuona.

Lakini mimi si mtu wa kulainika muda mrefu. Nikaanza kupanga. "Sikiliza. Pale mbele maji yanafika kifuani, chini mchanga mtupu. Utatembea. Mikono unaitupa hivi na hivi, kichwa unakigeuza. Mama wa mapokezi atashika simu, apige toka mbali, miguu haitaonekana. Mimi nitakuwa pembeni nakushangilia. Mtoto atafurahi, darasa litanyamaza, na siri itabaki kwangu."

"Na wewe unataka nini?"

Ananijua, tumekaa sana pamoja. "Kitenge changu kilichokaa kabatini. Gauni la mikono ya marinda. Kisha kuanzia sasa, mimi nikisema jambo mbele ya watu, wewe unasema ego." Ego kwao ni ndiyo.

"Kila jambo?"

"Mengi."

Akakubali. Jamani, nilijiona malkia. Nilikuwa nimeshika mume mzima kwenye kiganja, na uzee wote uko mbele yangu.

Mtandao kule unapatikana juu ya jiwe moja tu karibu na maji. Mama wa mapokezi akapanda juu yake na simu. Nilikuwa nimempa maelekezo yote, naye kayapokea kwa furaha, mambo ya kudanganya Dodoma yalimpendeza. Saa kumi ikapiga. Mtoto akatokea kwenye kioo, bado na sare za shule, anapiga kelele. "Babu! Babuuu! Haya, anza!"

Mzee alikuwa majini hadi kifuani, bila jaketi, safari hii kwa kutembea. Akainua mkono wa kwanza juu, nikasema moyoni, vizuri hivyo. Mkono ukabaki juu. Hakuutupa. Akabaki hivyo kama mtu anayeomba ruhusa darasani.

"Mjukuu wangu," akasema kwa nguvu ili asikike, "babu yako hajui kuogelea."

Nikamkonyeza. Nikamkanyaga mguu chini ya maji. Hakunitazama.

"Unasemaje, Babu?"

"Sijui. Sikuwahi kujua. Wenzako hawakukosea, lakini mwongo si wewe, mwongo ni mimi. Waambie hivyo."

Mimi nilimwona yule mtoto mdogo kwenye kioo kidogo juu ya jiwe, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mkondo. Halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo wale mamba?"

"Mamba walikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo."

Kikatoka kicheko Dodoma mpaka simu ikakwaruza. Alicheka kama mimi, hilo naliandika kwa fahari. Kicheko kibaya, cha pumzi yote. "Babu wewe! Sasa niwaambie nini darasani?"

"Waambie babu yako ameanza darasa la kwanza. Mwalimu wake huyu hapa, mkali." Akanishika mkono. Majini, mbele ya simu, mbele ya mama wa Ilagala. Mtandao ukakatika.

"Umenimaliza," nikamwambia. "Siri yangu umeigawa bure! Sasa nitakutawala kwa kitu gani?"

"Utapata nyingine. Nifundishe."

"Na gauni langu?"

"Nifundishe kwanza, mwanamke."

Basi nikamfundisha kama mama alivyonifundisha mimi. Nikamwambia alale chali, nikaweka kiganja chini ya kisogo na kingine chini ya kiuno. Mwili wake ulikuwa mgumu kama ubao wa kukatia nguo. Macho kayafumba. Masikio yalipoingia maji akashtuka, nikamwambia atulie, asikilize ziwa. Polepole shingo ikalegea.

"Usiniachie," akasema.

"Sikuachii."

Nikamwachia.

Alielea. Pumzi moja, labda mbili, tumbo juu, kidevu juu, mzee wangu kama kipande cha muhogo. Kisha akafumbua macho, akaiona mikono yangu yote miwili iko hewani, akazama kitako. Alipoibuka alinitukana kwa Kiha maneno ambayo nayajua na siyaandiki. Akakohoa, akafuta uso, akatazama kama mama wa mapokezi ameona.

Halafu akalala tena chali.