Mpima Dhahabu Aliyepimwa kwa Barua Pepe

Aibu hii nimekaa nayo miezi minne, na bado nikipita sokoni hapa Buseresere watu wananiuliza kama nimeshathibitisha, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa Mama Kulwa, ambaye ataongeza chumvi (na niaminini, hii haihitaji chumvi).

Kazi yangu ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Nina mzani, nina chupa ya asidi, na nilikuwa na sifa: miaka kumi na mbili hakuna aliyewahi kuniuzia shaba akaniambia ni dhahabu. Mtu akiingia na kipande chake namwambia akiweke mezani tukipime wote tunaona, na akianza kusitasita nimeshamjua, maana kwangu anayekataa kupimwa ana lake jambo.

Sasa pembeni nilikuwa na sarafu za mtandaoni, nimezinunua kidogo kidogo, na hazikuwa za mchezo. Zilikuwa kisima cha mama yangu kule Didia, ambaye mpaka leo anabeba ndoo kichwani kutoka bondeni, na nilishamwahidi mbele ya majirani zake kwamba mwaka huu anapumzika.

Asubuhi moja dukani kuna wateja watano, ikaingia barua pepe. Nembo ni ileile ya kampuni ninakotunzia sarafu, rangi ileile, inasema pochi yangu, yaani akaunti ya hizo sarafu, ina mashaka, nisipoithibitisha ndani ya saa moja inafungwa, nibonyeze hapa. Mwenye akili angejiuliza kwa nini wanamwita "mteja mpendwa" wakati jina lake wanalo, au angetazama anwani iliyoituma (niliitazama baadaye, haikuhusiana na kampuni hata kwa kusingiziwa). Mimi niliposikia kuthibitisha, kichwani nikaona meza yangu na mzani wangu, nikasema kumbe wanataka kunipima, basi wanipime. Tena nikawaita wateja wasogee waone mtu mwenye mali halali anavyofanya.

Nikabonyeza. Ukurasa ukataka yale maneno ya siri kumi na mawili yanayofungua pochi, ambayo siku ya kufungua pochi niliambiwa nisimpe mtu yeyote, hata kampuni yenyewe. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi na kuificha kwenye kisanduku cha mawe ya mzani, nikaitoa, nikakuta mwandiko ni mdogo na miwani nimeiacha nyumbani, na badala ya kuishukuru miwani (maskini, ilikuwa inajaribu kuniokoa) nikamwomba Mama Kulwa, anayetuletea chai na maandazi, anisomee. Akasoma kwa sauti ya kanisani, neno baada ya neno, mimi nachapa. Alipofika la tisa akasimama.

"Baba Minza, huyu ndiye aliyekuita, au wewe ndiye uliyemwita?"

"Soma tu, Mama Kulwa. Mambo haya yana wenyewe."

Akasoma. Na kweli yalikuwa na wenyewe, maana hata dakika kumi hazikuisha pochi ikawa tupu, nikaifungua na kuifunga mpaka simu ikaisha chaji. Mchimbaji mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama dhahabu yake bado naweza kuipima au aipeleke kwa mwingine.

Kicheko ningekivumilia. Kilichoniuma ni kisima. Nikaona bora mama asikie kwangu siku hiyohiyo, nikaazima simu ya Mama Kulwa, nikapiga, nikamwambia shikamoo mayu, ni mimi Shija, nimetapeliwa, hela ya kisima imekwenda yote.

"Mwanangu Shija anapima dhahabu," mama akasema. "Hawezi kuibiwa kijinga hivyo. Wewe unayeiga sauti yake katafute kazi." Akakata.

Nikapiga tena, hakupokea. Nikaiweka simu yangu kwenye chaji, na ilipowaka tu ikaita, mama huyo.

"Shija, kuna tapeli amenipigia anajifanya wewe, anaongelea kisima. Nikaona nisibishane naye, nimpigie mwanangu kwa namba ninayoijua. Uko salama?"

Mama yangu hajui kusoma, na simu yake ni ya vitufe. Lakini aliletewa habari ya haraka na mtu asiyemjua, akamkatia, akaenda kuuliza kwa njia yake mwenyewe, jambo ambalo mimi na mzani wangu halikutupitia kichwani. Machozi yalinitoka pale dukani, siwafichi.

"Mayu," nikamwambia, "yule tapeli alikuwa ni mimi."

Nikasikia akiweka ndoo chini.

"Basi nitaendelea kuchota," akasema. "Ila ikija barua nyingine usiibonyeze. Nipigie kwanza."

Na ndivyo ninavyofanya. Kila barua pepe inayonikimbiza namsomea mama kwenye simu, mpima dhahabu mzima, na mpaka leo hajapitisha hata moja.