Papa Alipopima Kiwanja kwa Viti

Nyumba yenyewe niliipenda kabla sijamaliza kuizunguka. Ilikuwa mpya: bati bado linang'aa, sakafu ya karo, vile vigae laini, choo ndani, na bomba jikoni ambalo lilitoa maji kweli nilipolifungua. Mimi ni muuguzi. Kutwa nzima nasimama hospitalini, halafu narudi Mangobo, kwenye nyumba ya wazazi ambako mvua ikinyesha tunahamisha vitanda. Nilifungua lile bomba mara tatu. Muuzaji akadhani nina shaka, kumbe nilikuwa nafurahi tu.

Ubaya ulikuwa mmoja, kiwanja. Kilikuwa kiwanja kimoja cha zamani hapo Kabondo, kikakatwa katikati. Muuzaji akajenga kwenye nusu moja, nusu nyingine ikabaki kwa mama mmoja mwenye uzio wa matete. Kutoka barazani hadi kwenye uzio huo nilihesabu hatua tisa, na hatua zangu si ndefu.

Tangu mama afariki tunaishi wawili, mimi na papa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba asipokubali kuhama, sinunui. Karo bila papa ningezifanyia nini? Basi nikampeleka akaione. Akapita vyumbani mikono mgongoni, akasifu dari, akasifu madirisha, kisha akatoka uani akasimama.

"Nyumba iko muzuri," akasema. "Lakini siku nitakufa, batu batakaa wapi?"

Ndivyo papa anavyopima nyumba. Kule Mangobo, kwenye matanga ya mama, watu walikaa uani kwetu siku nyingi na nafasi ikabaki. Kwa papa, mtu ambaye waombolezaji wake wanasimama barabarani ameaibika, hata kama mwenyewe hayupo kuiona aibu. Nikamwambia, papa, wewe una afya kunishinda.

"Alors, tupime," akasema.

Nilidhani anataka utepe wa fundi. Jumamosi asubuhi akatokea pale Kabondo na mikokoteni miwili imejaa viti vya plastiki vya kukodi, viti hamsini, pamoja na turubai la bluu, maana jua lilikuwa kali. Muuzaji akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa na hasira ya kupasuka. Mnunuzi mwingine alikuwa anakuja Jumatatu, na baba yangu analeta viti!

Tukapanga. Papa alikuwa makini kama anajenga: safu hapa, njia ya kupita pale, pembeni nafasi ya masufuria, kwa sababu matanga bila chakula si matanga. Vilipofika viti ishirini na tatu, uwanja ukajaa. Vingine vikabaki nje, vimepandana kando ya njia. Papa akakaa kwenye kimoja chini ya turubai, uso umemshuka, asiseme kitu. Namjua papa. Akikataa kwa maneno, bado unaweza kumbembeleza, akinyamaza, yamekwisha. Nikaanza kuliaga lile bomba moyoni.

Sasa, mtu wa Kisangani akiona turubai, viti na mzee ameinama, haulizi. Wa kwanza kuingia alikuwa yule mama wa nusu ya pili, kichwa amekifunga kitambaa, mzigo wa kuni mkononi. Akaweka kuni chini, akaketi karibu yangu, akaanza kulia kwa sauti. Nyuma yake akaja mwingine na chupa kubwa ya kahawa ya moto. Wakafuata wanaume wawili, watatu, kisha nikaacha kuhesabu. Viti vikajaa kabla sijapata la kusema, na kila nikifungua mdomo, mtu ananishika mkono na kunipa pole.

Yule mama alipoona wengine wanasimama, akakatiza kilio chake, akaenda kusogeza vipande viwili vya uzio wake. Akaanza kupitisha viti kutoka njiani, akavipanga kwake, anapangusa kila kimoja kwa kanga. Mwenye nyumba ya ng'ambo ya njia naye akachukua vilivyosalia, akavipanga mbele ya mlango wake. Hakuna aliyewaomba. Muuzaji alikuwa amejificha jikoni.

Hapo mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akainua mikono kuomba dua, kisha akaishusha na kumgeukia papa kwa adabu.

"Pole, papa. Jina ya marehemu njo nani?"

Papa hawezi kumwacha mtu bila jibu.

"Marehemu njo mimi," akasema, "lakini bado."

Papa akakohoa, akaeleza: hakuna mutu alikufa, tuko napima parcelle tu, kiwanja hiki. Mzee wa kofia ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaishika kofia yake, na kicheko kikapita uzio, kikavuka njia, kikawakuta hata wale wa ng'ambo ambao hawakujua wanacheka nini. Hakuna aliyeondoka. Kahawa ilikuwa imeshafika, basi ikamiminwa.

"Bon," akasema mzee akijifuta machozi, "na nani ananunua?"

Papa alisimama. Akatazama uani, akatazama kwa yule mama, akatazama ng'ambo. Viti vyote hamsini vilikuwa na watu.

"Sisi," akasema. "Miye na binti yangu. Tunahamia mwisho wa mwezi."

Nikabubujikwa na machozi palepale, sikuweza kuyazuia. Yule mama aliyekuja kulia msiba na kuukosa akaniona, akaweka kikombe chake chini, akanikumbatia kwa nguvu.

"Lia, mama, lia," akaniambia, nami nikalia kwa raha zangu.