Pilau ya Kupeana Migongo

Mimi ni mtu wa kujisifu, sifichi. Na katika yote niliyoyafanya duniani, hakuna ninalojivunia kama mlo mmoja wa pilau mjini Bariadi, Ijumaa moja ya miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara.

Nilikuwa namrudisha mama mkwe wangu kwake Sapiwi kutoka hospitali Shinyanga. Mke wangu ndiye angemfuata, lakini alikuwa na kichanga, nikabebeshwa mimi. Daktari alinivuta pembeni. Ugonjwa umekwisha, akasema, kilichobaki ni kula. Asipokula hatafika mbali.

Njia nzima nilimnunulia ndizi, mayai, karanga. Alishukuru, akavifunga kwenye kanga. Nilijua kwa nini. Kwetu Wasukuma mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe wake, wala mkwe mbele yake. Ni aibu, na ugonjwa hauiondoi. Moyo uliniuma, maana mimi niliyemsindikiza ndimi niliyekuwa nikimshindisha njaa.

Bariadi tulishuka kungoja gari la Sapiwi. Mji ulikuwa umefurika. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa, malori yamejaa hadi milangoni mwa maduka, na kila mwenye bati na meza alikuwa amefungua hoteli. Kwenye hoteli moja ya mama wa Kiislamu, mwenyeji wa Kigoma, harufu ya pilau ilikuwa imetoka mpaka barabarani. Mama mkwe akageuza kichwa kuifuata. Hilo tu. Nikasema moyoni, leo atakula, liwalo na liwe.

Ndani watu walikuwa wamebanana. Tulipata nafasi mbili kwenye meza moja, tukitazamana. Kabla sijafungua mdomo, mwenye hoteli akatutulia sinia moja la pilau katikati.

"Karibuni, mama na mwanawe."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, akaanza kuinuka. Alikuwa amekonda, na bado anakimbia chakula kwa ajili yangu. Hasira zikanipanda, sijui hata kwa nani. Kwenye benchi langu walikuwa wamekaa madereva wawili wa malori. Nikawaambia wasimame, nikaligeuza benchi zima likatazama ukuta.

"Una wazimu wewe?" mmoja akaniuliza, tonge liko mkononi.

"Huyu ni mama mkwe wangu," nikamjibu. "Anatoka hospitali."

Yule dereva alichukua sahani yake, akakaa nami kutazama ukuta, na mwenzake vilevile. Mwenye hoteli, ambaye kwao desturi hiyo haipo, alitushangaa, kisha akaigawa ile pilau kwenye sahani mbili bila kuuliza.

Nikakaa na sahani magotini, masikio yote nyuma. Mwanzo kimya. Nikakata tamaa kidogo. Halafu nikasikia maji ya kunawa yakimwagika kwenye beseni. Halafu mfupa ukigongwa kwenye sahani, taratibu, mtu akitafuta uboho. Kwa furaha nilitaka kuwapigia makofi madereva wa watu. Sikuthubutu hata kujikuna, nisije nikamkatiza.

"Mkwe wangu," sauti yake ikaja kutoka nyuma, imepata nguvu, "mwambie mwenye hoteli aniongeze. Na wewe ule. Mbona muda wote huu sikusikii ukitafuna?"