Ubuyu wa Bibi Kwenye Mayai ya Pasaka

Kanisa letu lilikuwa linapanga ukumbi kwa Wazungu pale Oxon Hill, huku ughaibuni. Wao wakimaliza ibada yao asubuhi, sisi tunaingia saa nane mchana. Mwaka ule binti yangu alikuwa na miaka kumi na tatu na alikuwa na miezi saba tu tangu aje. Nilimwacha Dodoma kwa mama yangu akiwa na miaka minne, nikaja huku kutafuta, nikidhani ni mwaka mmoja au miwili. Ikawa tisa. Bibi yake ndiye aliyemlea, akamfundisha kusali, kusuka na kufunga ubuyu.

Akina mama wakanipa kazi ya mayai ya Pasaka. Watoto wadogo hawana shida: yale mayai ya plastiki unayajaza peremende, unayatupa kwenye majani, wanakimbilia. Hawa wakubwa ndio kazi.

"Hawa ukiwapea chokoleti pekee watakucheka," alisema mama mmoja Mkenya, nesi. "Wangu juzi ameniambia hiyo ni mambo ya watoto, yeye atakaa kwa gari asikilize muziki."

"Batoto ba huku habana njaa, dada," akasema mama wa Kikongo aliyekuwa anapiga pasi vitambaa vya madhabahu. "Sisi tulitafuta chakula. Bao tunawatafutia na hamu ya kula."

Tukacheka. Lakini mimi nilishakuwa na wazo, na sikuwaambia lote. Nilitaka watoto wakubwa watafute mayai kwa maneno, siyo kwa macho. Kila yai lina karatasi inayokuelekeza kwenye yai linalofuata, na karatasi zote kwa Kiswahili. Wale waliozaliwa hapa wanasikia Kiswahili ila kukisoma hawawezi. Binti yangu anaweza. Shuleni walikuwa wanamwiga anavyotamka Kiingereza, hata pale kanisani nilishawahi kuwasikia. Alikuwa anarudi nyumbani, anaweka begi chini, haongei mpaka kesho. Nilimwomba Mungu siku moja tu, wao wamhitaji.

Jumanne ya Juma Kuu, baada ya darasa langu la Kiingereza la jioni, nilikaa nikaandika zile karatasi kwa mwandiko mzuri. "Nenda kwenye maji yasiyonywewa," hiyo ni pale wanapobatizia. "Muulize anayekaa mlangoni bila kuingia," hilo ni sanduku la miavuli. Ndani ya mayai niliweka rangi ya kucha, mafuta ya mdomo, vibanio vya nywele, betri za redio zao za masikioni, na kwenye lile la dhahabu tiketi mbili za sinema. Na kwenye mayai kumi nikaweka ubuyu.

Ubuyu ulikuwa wa mama yangu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekwenda likizo nyumbani aliniletea mzigo, nikaufichia Pasaka. Mama alikuwa anaufunga kwenye vifuko vidogo vya nailoni, halafu anapitisha mdomo wa kifuko kwenye moto wa mshumaa ili ushikane. Mkono wake ulikuwa unatetemeka siku hizo, kwa hiyo kila kifuko kilikuwa na alama ya kuungua pembeni. Niliyafunga mayai kwa gundi ya karatasi, nikayapeleka kanisani kesho yake kabla ya zamu.

Mchana wa siku hiyo hiyo, Jumatano, nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, namlisha bibi kizee mmoja supu. Simu ikatetemeka mfukoni. Kaka yangu. Mama ametutoka.

Nilimalizia ile supu. Yule bibi kizee alikuwa anapenda kijiko kidogo, ukiharakisha anakohoa. Nilikwenda naye taratibu mpaka bakuli likaisha.

Kwenda sikuweza. Karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa bado zinashughulikiwa, ningetoka nisingerudi, na mtoto ningemwacha na nani tena. Hilo nilishalijua miaka yote, kwamba siku hiyo ikija itanikuta hivi.

Kuhusu mtoto, sikuwaza hata dakika moja. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba kavukavu. Baba yangu alipofariki nilikuwa kibaruani Morogoro, nikapigiwa nikaambiwa anaumwa, njoo. Njia nzima kila mtu alikuwa anajua kasoro mimi. Nilipokata kona ya nyumbani nikaona turubai na viti, ndipo nikajua, na mikono ya shangazi zangu ilikuwa tayari inanishika. Ndivyo tunavyopendana. Unamtunza mtu kwanza, anakula, anafika, ndipo anaambiwa. Nikasema huyu naye namtunza. Apate Pasaka yake, asome zile karatasi, ale ubuyu wa bibi yake mara ya mwisho akiwa na furaha. Jumapili jioni akina mama watakuja nyumbani, nitamwambia mbele yao, wamshike.

Siku nne nilipika, nikakunja nguo, nikaenda kwenye ibada ya Ijumaa Kuu nikapiga magoti kama wengine. Mchungaji na akina mama wawili nilishawaambia, na wao wakafunga midomo. Mtoto aliniuliza mara moja, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia ni miguu.

Jumapili ilikwenda kama nilivyoomba. Yule kijana wa Mkenya, wa kukaa kwenye gari, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukwama. Alikuwa ameshika karatasi anaigeuza. Nikamsikia anamwita binti yangu kwa Kiingereza, aje amsomee. Akaenda. Akasoma, akaeleza kwa Kiingereza chake kilekile walichokuwa wanakicheka, na hakuna aliyecheka. Dakika kumi baadaye walikuwa wanamfuata nyuma, vijana wazima, kutoka mlangoni hadi jikoni hadi kwenye miti ya nje, na yeye anawaamrisha. "Wewe usiguse, ngoja nisome." Nilikuwa nimesimama na sinia la sambusa. Sijawahi kumshukuru Mungu na moyo unauma namna ile.

Ubuyu hawakuupenda. Mmoja aliutema kwenye kiganja, akasema una mbegu. Binti yangu alikiona kile kifuko, akakigeuza, akaona pembe iliyoungua. Kuanzia hapo akaanza kubadilishana. Alitoa rangi ya kucha, akatoa vibanio, na lile yai la dhahabu lilipokuwa lake akatoa tiketi moja ya sinema kwa vifuko vitatu. Alipokuja kwenye gari alikuwa ameshika pindo la gauni, vifuko vyote ambavyo havijafunguliwa vimo, na ulimi mwekundu.

"Ni wa Bibi," alisema. "Umejua kunificha. Akisikia nimetoa tiketi ya sinema kwa ubuyu atacheka mpaka akae chini. Tumpigie leo, mama. Kadi ya simu si ipo?"

Akina mama hawakuwa hapo. Hakukuwa na mkono wa mtu wa kumshika. Nilikuwa nimeshika usukani na gari limezimwa.

"Bibi ametutoka," nikasema.

Akakaa kwenye kiti cha pembeni, pindo bado mkononi. "Leo?"

Ningeweza kusema leo. Mungu ananijua, neno lilifika mdomoni.

"Jumatano."

Akahesabu kwa vidole, kwa sauti ndogo, mpaka leo. "Wameshamzika?"

"Jana."

"Jana mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unanisaidia kukunja nguo."

"Nilikuwa naimba," alisema.

Nilimwambia nilitaka afurahi. Nikamweleza habari ya baba yangu, turubai, shangazi zangu, yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wewe walikuficha mpaka ufike kwenye msiba. Mimi umenificha mpaka umeisha."

Nikawasha gari, tukaenda nyumbani.

Jioni akina mama walikuja. Tukasogeza makochi, tukatandika mikeka, wakaimba. Wale mama wawili waliojua mapema walimkumbatia akawaacha wamkumbatie, mikono yake imelala tu. Kisha akaingia jikoni. Nilidhani anajificha alie. Akatoka na sahani, ameufungua ubuyu wote na kuumimina humo, maana Bibi alimfundisha kwamba mtu akija nyumbani haondoki mdomo mkavu. Akapita kwa kila mtu akipiga goti kidogo. Mama wa Kikongo akachukua, akalia huku anamung'unya. Yule nesi akachukua. Mchungaji akachukua. Alipofika kwangu nilikuwa nimeshanyoosha mkono, na sahani ikapita.

Aliyefariki alikuwa mama yangu mimi. Nilirudisha mkono mapajani, nikaendelea kuimba, na ndipo nikaanza kulia, mara ya kwanza tangu Jumatano. Mtoto hakugeuka.

Hakunichukia. Baada ya wiki chache tulirudi kusali pamoja, akanisaidia na Kiingereza cha darasani, na Pasaka iliyofuata aliandika karatasi za mayai yeye mwenyewe. Ila kitu kimoja hakikurudi. Nikiweka simu chini baada ya kuongea na nyumbani, anauliza, "Wazima?" Nikisema wote wazima, hajibu haraka. Ananitazama usoni kwanza, kama anasoma, halafu ndipo anasema, "Haya."