Vidonge vya Nusu kwa Nusu

Mume wangu hakufa kwa kukosa dawa. Watu husema dawa ilikosekana, ili kunifariji, nami huwaacha waseme, ila faraja yao hunikera. Dawa ilikuwapo. Tuliwekewa mbili mbele yetu, tukaambiwa tuchague.

Hizo zilikuwa siku za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imeanza kumiminika na Kariakoo nzima imegeuka duka la nguo. Mume wangu aliuza mashati Mtaa wa Kongo, meza moja na rafiki yake. Belo la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa. Unaweza kukuta mashati ya maana, unaweza kukuta matambara matupu, na aliyekuuzia hana habari na wewe. Kwa hiyo kila mmoja alinunua belo lake, wakayafungua yote mawili, wakachanganya nguo, wakagawana nusu kwa nusu. Niliwahi kuwatania kwamba sasa kilichobaki ni kuchanganya wake, wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Siku moja mwenzao wa sokoni aligongwa na gari, nao wakaenda kumtolea damu. Wakarudishwa. Damu za wote wawili zilikuwa na virusi vya homa ya ini, aina waliyoiita C, ambayo sisi hatukuwahi hata kuisikia. Labda ni wembe wa kinyozi wao, labda sindano za mtaani. Daktari hakujua, na sisi tulichoka kukisia. Alichojua ni kwamba ini la rafiki lilikuwa zima bado, na la mume wangu lilikuwa limeshaanza kuharibika.

Dukani dawa yake haikuwapo. Kulikuwa na majaribio mawili tu, yote kwenye kliniki moja ya watafiti kule Upanga, na mgonjwa aliruhusiwa kuingia moja. La kwanza lilikuwa la sindano, na kila aliyeingia alipata dawa ya kweli. La pili lilikuwa la vidonge. Humo wengine wangepewa dawa na wengine vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hata daktari asingejua nani kapewa nini mpaka utafiti uishe. Muuguzi hakutuficha kitu. Alisema sindano zingemletea homa, zingempukutisha nywele na kumkondesha.

"Chukua sindano," nilimwambia palepale, mbele ya muuguzi.

"Nikonde? Kariakoo hii?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Watasema nimekanyaga miwaya. Nani atanunua shati kwangu?"

Hapo sikuweza kumbishia. Miaka ile mtu akikonda ana ukimwi, hakuna mjadala, na nguo aliyoishika haiguswi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikasema.

"Sifichi, mke wangu. Si naenda kutibiwa? Ila kwa vidonge."

Rafiki yake naye akachagua vidonge, kwa sababu mwenzake kachagua vidonge. Nilitembea kutoka Upanga mpaka nyumbani nikiwa mbele yao, nalia kwa hasira, na sikujali nani ananiona. Mtu anapewa dawa ya kweli anaikataa, anakwenda kubahatisha!

Miezi ikapita. Mume wangu alianza kuchoka asubuhi, chakula kikamshinda. Siku ya kupimwa nilikwenda nao. Daktari aliangalia majibu ya damu, akayarudia, akauliza kwa upole kama wanakunywa vidonge vyote.

Rafiki ndiye aliyejibu, tena kwa furaha. "Vyote, daktari. Tukishapewa makopo tunavimimina pamoja, tunachanganya, halafu tunagawana nusu kwa nusu. Maana mmoja wetu huenda kapewa vitupu. Si haki aumie peke yake."

Alikuwa anangoja kusifiwa. Nilimgeukia mume wangu, nikamwona anatikisa kichwa kukubali, ametulia kabisa, kama mtu aliyetenda jambo jema. Na mimi najua walitenda kwa wema. Hilo ndilo linalonimaliza mpaka leo.

Daktari alifunga faili. Kisha akaeleza kwamba dawa ile ikinywewa pungufu virusi haviishi, na kwamba utafiti hauwezi kuendelea nao. Wakaondolewa wote wawili siku ileile.

"Na zile sindano?" nikauliza.

"Nafasi zimejaa, mama. Na hata zingekuwapo, ini lake sasa haliziwezi."

Alikonda hata hivyo. Tumbo likajaa maji, macho yakawa ya manjano, mikono ikabaki mifupa. Mtaani walisema kilekile alichoogopa watasema, na meza yake ikakaa bila mteja. Alikufa akiwa amepoteza vyote viwili, uzima na jina, na mimi nilikaa eda nikimlaumu Mungu, nikitubu, nikimlaumu tena.

Utafiti ulipoisha nilirudi Upanga. Nilitaka kujua tu. Daktari alisitasita, mwisho akaniambia. Kopo la mume wangu lilikuwa na dawa tangu siku ya kwanza. La rafiki yake lilikuwa na vidonge vitupu.

Rafiki hakwenda tena kliniki, kwa hiyo hajui. Miaka imepita na bado hunijia kila Ijumaa baada ya sala, ameshika mfuko wa sukari au samaki. Hukaa barazani, na kila mara hufika palepale.

"Shemeji, mimi nina hakika vyangu ndivyo vilivyokuwa na dawa," husema. "Nilikuwa nasikia vinafanya kazi mwilini. Basi nikikumbuka kwamba nusu nilimpa yeye, roho yangu inatulia."

Natamani kumzaba kofi. Natamani pia asiache kuja, maana hakuna mwingine Kariakoo anayemtaja mume wangu kwa upendo. Ijumaa iliyopita nilimtazama vizuri akiwa juani. Macho yake nayo yameanza kuwa ya manjano.

"Asante, shemeji," nikamwambia. "Ulimsaidia sana."