Miezi Sita ya Mgeni wa Bibi

Mpaka leo mwezi ukiandama sifurahi. Wenzangu hutoka nje kuutafuta; mimi hufunga dirisha.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa ofisi ya kodi ya mapato, Mji Mkongwe. Kazi yangu ilikuwa kuwapambanua wageni: nani mkaazi, nani mpita njia. Aliyekaa nchini zaidi ya nusu mwaka aliandikwa mkaazi, na mapato yake yakatozwa kodi. Wanafunzi na wanavyuoni kutoka ng'ambo nao hawakusamehewa. Nami nilijiona, tena sana.

Mmoja wao alipanga chumba cha juu nyumbani kwa bibi yangu, mama mzaa baba. Alikuwa Mmisri wa makamo, ametumwa na chuo chake aje kuandika utenzi alioutunga baba yake bibi. Utenzi ule haukuwapo popote ila kifuani mwa bibi. Kila asubuhi baada ya chai alimsomea beti chache, naye akaandika. Bibi hakukubali kuharakishwa.

"Utenzi haupakuliwi kama wali," alimwambia.

Siku moja mgeni aliniuliza amebakiwa na muda gani. Akiandikwa mkaazi posho yake ingekatwa, na nauli ya kurudi kwao ilikuwa humo humo. Badala ya kuitazama pasi yake nikamuuliza bibi, maana yeye ndiye mwenye nyumba.

"Miezi sita hiyo inatimia, mume wangu," alinijibu kwa utani wake. "Keshokutwa unaandama wa saba."

Nikamkimbilia mgeni. Nikamwambia meli ipo kesho, apande.

"Na utenzi, bwana karani?"

"Utarudi mwakani umalizie."

Alimbusu bibi mkono, akaondoka. Beti za mwisho hazikuandikwa.

Siku mbili baadaye mkubwa wangu alifungua faili, akahesabu tangu tarehe ya muhuri wa kuingia.

"Mbona umemharakisha? Alikuwa na siku sita nzima."

Bibi alihesabu kodi ya chumba kwa mwezi wa kuandama, kama nyumba nyingi za mjini. Sheria ilihesabu kwa kalenda ya Kizungu. Mimi niliyelelewa na hesabu zote mbili nilizichanganya kama mtoto. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia bibi, homa ikamshika. Siku ya sita, ile ya mwisho ambayo mgeni angekuwa nayo, aliamka ana nuru usoni. Homa ilikuwa imemsahaulisha kwamba walishaagana.

"Mwite mgeni wangu," alisema. "Leo nna nguvu, ntaumaliza."

"Naam, bibi. Anakuja."

Niliona aibu kumwambia kweli. Akakaa anatazama ngazi, midomo inacheza, beti zinapita bila sauti. Kila hatua ya mtu nje ilimfanya ainue kichwa. Adhuhuri ilipoadhiniwa alifumba macho, na hakuyafumbua tena.

Kosa la hesabu nimeshajisamehe. Lisilonitoka ni asubuhi ile: nilikaa ubavuni mwake saa nzima, karani mwenye kalamu mfukoni, na sikumwambia, "Nisomee mimi, bibi."