Pamba Kwenye Mkono wa Nguo

Miran alikuwa na ulimi mkali, na soko zima la Yeosu, Korea, alikouza kimchi ya kabichi iliyochachushwa, lilimjua hivyo. Alizaliwa mkono wake wa kushoto ukiishia kwenye kifundo. Mteja akiukodolea macho, alimwambia, "Huu hauuzwi. Unataka kimchi au hutaki?"

Siku zake za mapumziko aliwapa wenzake wa kikundi, watu wa maumbile kama yake, waliotembelea nyumba zenye watoto waliozaliwa na mkono au mguu mfupi. Hawakwenda na dawa. Walikaa, wakala, wakabeba mtoto, na mama akapata wa kumuuliza: atafunga vipi vifungo vya shati? Nani atamwoa? Miran alijibu yote, na ya ndoa aliyajibu kwa matusi kidogo.

Hivyo ndivyo alivyomjua Dahye, mama wa Roun. Mtoto huyo wa kike mkono wake wa kulia uliishia chini ya kiwiko, na mama yake alimtembeza amefunikwa shali hata katika joto la Agosti.

Asubuhi ya sherehe ya Roun kutimiza mwaka, Dahye alimpigia Miran simu akilia. "Dada, mama mkwe ameshona mkono wa hanbok, vazi lake la sherehe, ukaziba. Ameujaza pamba, uonekane mzima."

Miran aliacha kabichi zake na chumvi yake akaenda, ananuka kitunguu saumu.

Ukumbini shangazi mmoja alikuwa keshaanza. "Si alikula bata akiwa na mimba? Tulimkanya."

"Mama yangu bata alimwona kwa jirani tu," Miran alisema. "Haya, nieleze mimi."

Bibi wa mtoto alimvuta pembeni. "Mwanangu, simfichi. Namkinga. Leo tu, asionewe huruma."

Lo, maneno yalimjaa Miran mdomoni. Aliyameza kwa shida, akamgeukia Dahye. "Mtoto ni wako. Nikiwasema mimi, kesho nipo sokoni, wewe umebaki nao."

Dahye akambeba mtoto.

Roun akawekwa mbele ya meza ya kuchagulia, ambapo kitu atakachoshika mtoto hutabiri maisha yake: uzi wa maisha marefu, kalamu ya brashi, mchele, noti. Wageni wakamshangilia atambae. Akanyanyua mkono wa kulia, ule mzigo wa pamba ukamwelemea, akaanguka kifudifudi na kuangua kilio. Ami zake wakasogeza vitu vyote upande wa kushoto, wanacheka kwa aibu.

Hapo Dahye akachukua mkasi wa kukatia nyama mezani. Alikata mkono ule wa nguo wenye mistari ya rangi, pamba ikamwagika juu ya keki za mchele.

"Huyu ndiye Roun," alisema. "Anayetaka kuangalia aangalie sasa, ashibe. Kesho sitaki mtu wa kuchungulia."

Mtoto akajifuta machozi kwa kigutu chake, akautumbukiza mkono huo kwenye kitanzi cha uzi, akauvuta kwapani. Wa kushoto ukanyakua noti.

"Mlafi huyu, kabeba viwili," ami mmoja akasema, na watu wakacheka vizuri sasa.

Bibi hakucheka. Aliokota pamba kipande kwa kipande, akaitia mfukoni mwa sketi yake. Kisha akapiga magoti akamkunjia mjukuu ukingo wa nguo iliyokatwa, usimkwaruze.

Mpiga picha akawapanga wote. Alitaka mtoto ageuzwe kidogo, kigutu kisionekane, Dahye akakataa. Miran alisimama kando yao, kifua mbele, amejaa fahari kama aliyezaa yeye. Mpiga picha alipoinua kamera, Dahye akamtazama Miran chini, kwenye koti.

"Dada," alisema, "na wako. Utoe."

Miran akatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na hakukumbuka ameuingiza saa ngapi.

"Tunakusubiri wewe," Dahye alisema, na hakuna aliyesogea mpaka alipoutoa.